UZI: Ile picha ya ubongo uliowaka rangi, tujue kwanza inatokaje kwenye mashine ya fMRI

Wakuu habari za muda huu.

Wiki hii nimetumiwa mara tatu ile picha ya ubongo wa kijivu wenye madoa mekundu na ya njano, na kila ilipokuja ilikuwa na maelezo yake. Mara "hapa ndo mapenzi yanapokaa", mara "ubongo wa mtu anayedanganya", ya tatu eti ubongo wa mtoto aliyezoea simu. Mimi kazi yangu ni kuchambua data za skani za aina hii, yaani fMRI, ile mashine ya MRI inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku ikitumika kufuatilia kazi za ubongo, nashinda na hizo namba kutwa nzima, na nikiona picha zinavyozungushwa hivi naumia kweli, maana chombo chenyewe ni kizuri mno na kimetufundisha mengi, ila anayetumiwa picha haambiwi imetengenezwaje. Ngoja nishushe uzi taratibu, mwenye swali aulize katikati, nitakuwa narudi.

Tuanze na damu, maana kila kitu kinaanzia hapo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, na hauna ghala la maana la kuweka akiba, kwa hiyo seli za eneo fulani zikichapa kazi inabidi damu iletwe pale pale. Hilo watu walilishuku zamani sana. Angelo Mosso kule Italia, miaka ya 1880, alikuwa anapima mapigo ya damu kwenye ubongo wa wagonjwa waliovunjika fuvu, na mwaka 1890 Roy na Sherrington wakaandika wazi kwamba ubongo una namna ya kujiongezea damu kulingana na kazi inayofanyika. Wazo lilikuwepo, kilichokosekana ni jinsi ya kuona hiyo damu bila kufungua kichwa cha mtu.

Jibu lilikuwa limelala kwenye kemia tangu 1936. Linus Pauling na Charles Coryell waligundua kwamba hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa imebeba oksijeni haivutwi na sumaku, ikishaishusha oksijeni yake inavutwa. Damu ileile, tabia mbili mbele ya sumaku. Ilibidi ipite zaidi ya miaka 50 ndo Seiji Ogawa na wenzake wa maabara ya Bell Labs, Marekani, wakaonyesha kwa panya, 1990, kwamba mashine ya MRI inaweza kuona hiyo tofauti, na 1992 makundi kadhaa Marekani yakachapisha ya binadamu karibu kwa mpigo. Hakuna sindano, hakuna mionzi. Damu ya mtu mwenyewe ndo inageuka kuwa kipimo.

Hapa sasa pana kitu ambacho mimi mpaka leo nakiona cha ajabu. Ukifikiri haraka utasema seli zikifanya kazi zinatumia oksijeni, kwa hiyo oksijeni ya eneo lile itapungua, si ndiyo? Kumbe ni kinyume. Peter Fox na Marcus Raichle walipima mwaka 1986 kwa mashine ya PET, inayotumia dawa yenye mionzi kidogo kufuatilia damu na oksijeni, watu wakisisimuliwa mkononi, wakakuta damu inayoenda kwenye eneo husika imepanda kama asilimia 29 huku matumizi ya oksijeni yamepanda asilimia 5 tu. Yaani ubongo unaagiza kuliko unavyokula. Ile ziada iliyobaki bila kuliwa ndo inayoyafanya mawimbi ya MRI yapande kidogo, na doa jekundu la kweli kwenye picha asili yake ni hiyo ziada ya oksijeni.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. fMRI inaona moshi. Moto wenyewe, seli kupeana ishara, unawaka na kuzima ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde moja, lakini moshi unachukua kama sekunde 5 au 6 kufika kileleni halafu unashuka polepole. Na upepo unausukuma pia, kwa sababu damu inatiririka kwenda kwenye mishipa mikubwa, unaweza kuta doa limekaa pembeni kidogo ya mahali kazi ilipofanyika. Halafu kipande kidogo kabisa tunachopima, tunakiita vokseli, kwa kawaida ni mchemraba wa milimita 2 au 3 kila upande, na humo ndani kuna seli laki kadhaa. Zipo zinazosisimua, zipo zinazotuliza, zote zinatoa moshi mmoja. Nikos Logothetis na wenzake 2001 walipachika vipimo vya umeme kwenye ubongo wa nyani huku wanampima na fMRI kwa wakati mmoja, wakakuta ishara ya damu inafuatana na umeme wa kundi zima la seli kwenye eneo, hasa ule wa taarifa zinazoingia na kuchakatwa pale, kuliko inavyofuatana na mlipuko wa seli moja moja. Kwa hiyo moshi upo na una uhusiano wa kweli na moto, hilo msitilie shaka.

Nimerudi. Kuna mdau kauliza ndani ya mashine mtu anafanya nini hasa

Swali zuri mkuu, nimeshalala humo mara kadhaa kama mtu wa kujitolea.

Unavua kila chuma, saa, mkanda, funguo, kibanio cha nywele, kwa sababu sumaku ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu kama mara elfu 60 ya usumaku wa dunia na haizimwi mkishafunga ofisi, inawaka usiku na mchana. Unalala chali, unazibwa masikio maana kelele zake ni kama mtu anapiga bati kwa nyundo karibu na sikio, vipande vya sponji vinabana kichwa huku na huku, na juu ya macho kuna kioo kidogo kimeinamishwa ili uone skrini iliyo nyuma yako. Mkononi una kitufe. Halafu unaambiwa neno moja ambalo ndo gumu kuliko yote, usitikisike. Pua itawasha. Itawasha tu, kila mtu ananiambia hivyohivyo.

Jaribio rahisi linakwenda hivi, sekunde 20 unagusanisha vidole, sekunde 20 umetulia, unarudia mara nyingi, na mashine inapiga ubongo mzima kila baada ya kama sekunde 2. Picha zinazotoka hapo ni za kijivu, zina ukungu, na ukiziangalia kwa macho huoni chochote kinachowaka. Tofauti kati ya kugusa vidole na kutulia ni asilimia 1, 2, 3 hivi ya nguvu ya mawimbi. Kompyuta ndo inachukua kila vokseli, inauliza je, kupanda na kushuka kwake kunaendana na ile ratiba ya sekunde 20 kwa 20, na zile zinazovuka kizingiti tulichokiweka sisi wenyewe ndo zinapakwa rangi. Ukishusha kizingiti rangi inatapakaa ubongo mzima, ukikipandisha inabaki nukta. Data ileile.

"Kwa hiyo sehemu zisizo na rangi zimelala? Ndo ile habari ya kutumia asilimia 10 ya ubongo?"

Hapana ndugu yangu, na nashukuru umeuliza maana hii imeenea sana. Sehemu isiyo na rangi maana yake haikuvuka kizingiti cha TOFAUTI kati ya hali mbili. Inaweza kuwa inachapa kazi kwelikweli katika hali zote mbili. Ukimpa mtu kazi ya kiakili, nishati anayoongeza ni ndogo, chini ya asilimia 5 ya ile ambayo ubongo ulikuwa unaitumia tayari. Ubongo haulali hata ukiambiwa tulia usiwaze chochote.

Na ni huo utulivu uliotuletea ugunduzi mkubwa kuliko majaribio mengi ya vitufe. Bharat Biswal 1995 aliangalia data za watu waliolala tu kwenye mashine bila kazi yoyote, akaona eneo la mkono upande wa kushoto na lile la kulia yanapanda na kushuka pamoja, polepole, kana kwamba yanaongea. Wengi waliona ni kelele za data. 2001 Raichle na wenzake wakaeleza mtandao wa maeneo ambao unashuka mtu akipewa kazi na kupanda akiachwa na mawazo yake, na leo kuna maelfu ya tafiti za ubongo uliotulia.

Sasa niende kwenye takwimu, hapa naomba msiruke

Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walipeleka kwenye mkutano wa wataalamu wa ramani za ubongo matokeo ya samaki aina ya samoni. Samaki mfu. Walimweka kwenye skana, wakamwonyesha picha za watu wakiwa katika hali mbalimbali, na "akaulizwa" yule mtu kwenye picha anajisikiaje, utaratibu uleule wa binadamu. Uchambuzi ukatoa vokseli 16 zilizowaka kati ya 8,064. Hesabu yenyewe ni nyepesi, kizingiti walichotumia ni 0.001, yaani kila vokseli ina nafasi moja kati ya elfu ya kuwaka kwa bahati, zidisha kwa elfu nane unapata kama 8 zitakazowaka bila sababu yoyote. Walipofanya marekebisho ya kuzingatia kwamba wamepima mara elfu nane, hakuna iliyobaki. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza halafu zinafikirisha, na watu wengi wanalikumbuka kama kichekesho, ila kwangu mimi ni moja ya kazi muhimu za fani hii, kwa sababu wakati ule karatasi nyingi zilikuwa zinachapishwa bila hayo marekebisho.

Mwaka uleule wa samaki, 2009, Ed Vul na wenzake wakaonyesha tatizo jingine, mtafiti anachagua vokseli zinazofuatana vizuri na tabia fulani, halafu anaripoti jinsi zinavyofuatana kwa nguvu na tabia hiyohiyo, kwa data ileile. Ni sawa na mwalimu kuwachagua wanafunzi kumi waliofaulu halafu atangaze wastani wao kuwa ndo wastani wa darasa.

Ya 2016 ilitikisa zaidi. Anders Eklund na wenzake walichukua skani za watu wazima wa afya 499 waliokuwa wametulia tu, wakajifanya kwamba kulikuwa na jaribio, wakawagawa makundi ovyo ovyo na kuyalinganisha kwa programu tatu zinazotumika sana, SPM, FSL na AFNI. Kwa kuwa hakukuwa na jaribio lolote, majibu ya uongo yalitakiwa yasizidi asilimia 5. Kwa baadhi ya njia za kuhesabu madoa kwa mafungu yalifika mpaka asilimia 70! Programu moja ilikutwa na hitilafu iliyokaa humo miaka 15. Magazeti yakaandika kwamba fMRI yote imekufa, haikuwa kweli, njia ya kurekebisha vokseli moja moja ilishikilia vizuri, na waandishi wenyewe walirekebisha kauli yao kuhusu idadi ya tafiti zilizoathirika. Lakini ilibidi watu warudie hesabu.

Na hata hesabu zikiwa sahihi bado kuna mkono wa binadamu. 2020 ilichapishwa kazi ambapo timu 70 zilipewa data moja ya watu 108 na dhana 9 za kupima. Hakuna timu mbili zilizochambua kwa hatua zinazofanana. Wote ni watu wa fani, na kwa baadhi ya zile dhana walitofautiana wazi kama jibu ni ndiyo au hapana.

Niwape langu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nalinganisha watoto na watu wazima, nikapata matokeo mazuri mno. Kwa watoto maeneo ya karibu yalishikana kwa nguvu, maeneo ya mbali uhusiano wake ulikuwa dhaifu, na kadiri umri unavyopanda picha inageuka. Niliipenda ile picha, nilishaandika nusu ya ripoti. Jioni moja nikafungua grafu za mtikisiko wa kichwa, mistari sita kwa kila mtu, mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka. Za watu wazima zilikuwa kama maji yaliyotuama. Za watoto zilikuwa na miiba, robo milimita hapa, nusu milimita pale, mtoto mmoja kila akibonyeza kitufe kichwa kinaruka naye. Niliwatoa waliotikisika, nikakata na zile sekunde zenye miiba kwa waliobaki, nikaendesha upya, na tofauti karibu yote ikayeyuka. Baadaye nikakuta Jonathan Power na wenzake wameeleza kitu hichohicho 2012, kwamba mtikisiko mdogo hata usioonekana kwa macho unatengeneza uhusiano wa uongo wa karibu na kudhoofisha wa mbali, sawasawa na nilichokuwa nakiita ukuaji wa ubongo. Watoto, wazee na wagonjwa ndo wanaotikisika zaidi, na ndo haohao tunaopenda kuwalinganisha na vijana wenye afya. Tangu siku ile kwangu grafu ya kichwa inatangulia.

"Mleta uzi, lakini si kweli kwamba kuna eneo la mapenzi na eneo la woga?"

Hapa ndo picha zile za simu zinapopindisha. Jaribio linakwambia: nikimwogopesha mtu, amigdala, kieneo kidogo kilicho ndani ya ubongo, inapanda. Ile picha inataka uamini kinyume chake: amigdala imepanda, kwa hiyo mtu anaogopa. Hiyo hatua ya pili haifuati, kwa sababu amigdala inapanda pia kwa kitu kipya, kwa kitu kizuri, kwa nyuso za watu. Russell Poldrack aliandika vizuri kuhusu hili 2006. Mwaka 2011 gazeti kubwa la Marekani lilitoa makala kwamba watu wanazipenda simu zao mapenzi ya kweli kwa sababu eneo la ubongo linaloitwa insula liliwaka, na wanasayansi zaidi ya 40 wakajibu kwa barua kwamba insula inawaka karibu katika theluthi ya tafiti zote za picha za ubongo. Theluthi! Ukitaka unaweza kusema wanazichukia, au zinawauma tumbo. Habari ya kugundua uongo nayo ipo hapohapo, mahakama ya shirikisho Tennessee ilikataa ushahidi wa fMRI wa namna hiyo mwaka 2010.

Kuna maeneo yaliyo na kazi mahususi, hilo nalo lisemwe. Nancy Kanwisher 1997 alionyesha eneo upande wa chini wa ubongo linaloitika kwa nyuso kuliko vitu vingine, aliliona kwa watu 12 kati ya 15, na tangu hapo limerudiwa mara nyingi sana. Ukubwa wa tofauti ndo unaamua. Nyuso dhidi ya vitu ni tofauti kubwa, watu 15 wanatosha. Lakini ukitaka kuhusisha ubongo na akili au hulka za mtu mmoja mmoja, uhusiano ni mdogo mno, na Scott Marek na wenzake 2022 kwa data za watu karibu elfu 50 walionyesha unahitaji maelfu ya watu ndo majibu yatulie, wakati tafiti za kawaida zilikuwa na watu kama 25. Kwa hiyo yule mtoto wa simu, waulizeni walioileta picha walipima watoto wangapi.

Dada mmoja kauliza kama mashine hii inaweza kujua mtu asiyeamka anasikia

Dada yangu, pole kwa unalopitia. Nitajibu kwa makini.

2006 Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walimpima mwanamke wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari, miezi mitano haonyeshi dalili yoyote ya fahamu. Walimwambia awaze anacheza tenisi, halafu awaze anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Alipoambiwa tenisi likapanda eneo la kupanga mwendo, alipoambiwa nyumba yakapanda maeneo ya kujua mahali, vilevile kama watu wazima wa afya, kwa sekunde 30 nzima kila mara. 2010 wakapima wagonjwa 54, watano waliweza kubadilisha ubongo wao kwa kutaka, na mmoja akajibu maswali ya ndiyo na hapana kuhusu familia yake, tenisi ikiwa ndiyo, nyumba ikiwa hapana. Utafiti mkubwa wa 2024 uliotumia fMRI, vipimo vya umeme wa ubongo au vyote viwili ulikuta kati ya wagonjwa 241 ambao kitandani hawakufuata agizo lolote, 60 walifuata ndani ya ubongo. Mmoja kati ya wanne.

Ila jua na upande huu: katika utafiti huohuo, wagonjwa waliokuwa wanafuata maagizo kitandani kabisa, ni asilimia 38 tu walioonekana kwenye kipimo. Kwa hiyo kipimo kikisema hapana hakijasema mtu hayupo. Ongeeni na mgonjwa wenu, na waulize madaktari wake kama kipimo cha umeme wa ubongo kinapatikana, maana hicho kinafanyika palepale kitandani bila kumsafirisha.

La mwisho kwa leo, "nataka kujifunza nianzie wapi"

Mkuu, hauhitaji skana. Tovuti ya OpenNeuro ina data za bure, zimeondolewa majina, na programu za FSL na AFNI zinapatikana bila malipo kwa kujifunza. Tafuta data za Midnight Scan Club, ni watu 10 waliopimwa usiku wa manane kwa saa nyingi kila mmoja, unaona ubongo wa mtu mmoja kwa undani ambao wastani wa watu 20 unaufuta. Chukua mtu mmoja tu. Fungua picha za kijivu uzipitishe moja baada ya nyingine kama filamu, uone kichwa kinavyosogea, halafu chora ile mistari sita. Ukikwama kwenye mistari sita weka picha yake hapa tuiangalie pamoja, rangi tutaziwasha baada ya hapo.